Pojo za Bi Shufaa

Mtu akikuambia Nairobi hakuna chakula, mwambie Waridi wa Mombasa, ndiye mimi, alisema hivyo hivyo, tena kwa sauti, kabla River Road haijamfunga mdomo.

Sikwenda kutembea. Babangu, Mzee Hemed, alikuwa amelazwa katika hospitali moja ya binafsi upande wa magharibi wa mji, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Satellite anakokaa ndugu yangu Ridhwan. Alikuwa na uvimbe tumboni. Jumatatu asubuhi daktari wake, Nyawira, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, alituita kando mimi na Ridhwan akatupasulia bila kuzunguka.

"Mzee hajakula vizuri siku nne. Damu iko chini, kilo zinashuka. Nimempangia upasuaji Ijumaa, lakini akiwa hivi simpeleki theatre. Hatatoka hai. Mtafutieni chakula atakachokula, chochote kilaini, bora ale."

Na Baba hali! Ukimpa uji anageukia ukutani. Supu ya hospitali aliionja akasema ni maji ya kuoshea sahani. Nikampikia mwenyewe kwa Ridhwan, juu ya jiko la gesi lenye kichwa kimoja, wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Akala vijiko viwili, akanitazama kwa huruma.

"Umejitahidi, mwanangu," akasema.

Umejitahidi! Wallahi nilitoka wodini machozi yananilenga. Mimi mwanamke wa miaka arobaini na sita, mama wa watoto watatu, naambiwa nimejitahidi kama mtoto aliyepata alama thelathini.

Nilijua anachotaka. Alitaka mkono wa Mama. Marehemu mamangu, Bi Shufaa, alikuwa na jina mtaani kwetu Kuze kwa pojo zake za nazi. Pojo, hizi ambazo watu wa bara huziita ndengu. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, nyumba ya saba na ya nane zilileta bakuli zipakuliwe. Siri yake hakumpa mtu. Mlango wa jikoni ulifungwa, na ukigonga unaambiwa, "Chakula kina jicho, mwanangu, subiri huko huko." Kisha atatoka na kawa juu ya sinia, jasho hana, lesso haina doa, na sisi hoi kwa harufu. Mimi bintiye wa pekee hakunifundisha. Na mara tu nilipoolewa akaacha kupika kabisa, akasema magoti yanamuuma. Amefariki huu mwaka wa sita.

Basi nikasema nitazunguka mpaka nipate cha kumfaa Baba. Mimi ni mtu wa safari, nauza madira na lesso, nimekula Tanga, nimekula Kampala, nimekula mpaka Lubumbashi. Nina kanuni zangu. Usimuulize mwenye gesti pa kula, atakupeleka kwa shemeji yake. Usiingie hoteli ambayo picha ya kuku ukutani ni kubwa kuliko kuku mwenyewe. Watafute wabeba mizigo uone wanakula wapi, kwa sababu mtu aliyebeba gunia tangu asubuhi hadanganywi na mchuzi wa maji.

Ridhwan akanicheka. "Sista, hiyo ni ya kitambo. Siku hizi tunaangalia nyota."

Akatoa simu, akanipeleka mahali penye nyota nne na nusu. Viti vya velveti, maua ya plastiki, vijana wamevaa tai. Nikaagiza biriani. Lo! Ilipokuja nikaitazama, nikaitazama tena, nikaichokoa na uma. Soseji! Soseji imekatwa vipande vya mviringo, imekaa juu ya wali wa manjano, na njegere pembeni.

"Mwanangu," nikamwita yule kijana wa tai, "huku jikoni kumetokea msiba?"

"Hapana, madam. Kwani kuna shida?"

"Ndiyo nauliza mimi."

Ridhwan alijifunika uso na menyu. Kutoka hapo tukaenda mtaa wa jirani, Kabiria, kwa mama mmoja aliyesifiwa na jirani. Nikapewa pilau yenye karoti na hoho, na mpishi kasimama mbele yangu anangoja sifa. Nikamwambia imeiva. Haikuwa sifa, lakini haikuwa uongo. Siku ikaisha hivyo, Baba hajala.

Jumanne nikashuka mjini peke yangu. Nilikwenda River Road kununua flaski ya kubebea chakula, ingawa chakula chenyewe sikuwa nacho. Nje ya duka la kuchapisha kadi za harusi palikuwa na mtu wa makamo anapakua maboksi ya karatasi kwenye mkokoteni, mwenzake anamwita Musembi. Nikangoja amalize.

"Ndugu yangu, wewe hula wapi mchana?"

Akanitazama kutoka buibui mpaka viatu. "Wewe ni wa Mombasa."

"Umejuaje?"

"Unaongea kama redio." Akaonyesha kwa kidevu. "Panda ngazi hapo kando. Ghorofa ya tatu, kwa mama tunayemwita Mathe. Hakuna bango. Ukifika ya pili utasikia harufu."

Nilipanda nikihema. Juu palikuwa chumba kirefu chenye mabenchi, sinki mlangoni na sabuni yake, na watu wamekaa bega kwa bega: makarani, wauza vyuma, masheikh wawili wenye kofia. Hakuna aliyekuwa akiongea, wote wanakula. Moyo wangu ukapata matumaini. Lakini sikujua nyama imechinjwa na nani, basi nikaagiza ndengu na chapati. Ndengu haichinjwi.

Sahani ikaja. Nikamega chapati, nikachovya, nikatia mdomoni.

Nikaacha kutafuna. Kwanza ilikuja nazi, tui zito la kwanza, kisha ule moshi. Moshi mdogo, wa mbali, usiojua umetoka wapi. Nikachovya tena. Ni zenyewe. Subhanallah, ni zenyewe! Nimezitafuta miaka ishirini na nne, nimezijaribu kwa mkaa, kwa kuni, kwa makaa yaliyotumbukizwa ndani ya tui, nimeunguza sufuria sijui ngapi, na hizi hapa, River Road, juu ya duka la kadi!

Badala ya kushukuru, ikanipanda hasira. Nilivyo ndivyo nilivyo. Nikasimama.

"Nani amepika hizi?"

Vijiko vikatulia. Mwanamke mnene mwenye miwani akatoka jikoni anafuta mikono kwa aproni.

"Ni mimi. Kuna nini?"

"Hizi ni pojo za mamangu! Za Bi Shufaa wa Kuze! Umeziiba wapi? Nani amekupa siri ya watu?"

Sheikh mmoja akasema, "Dada, taratibu," lakini mimi sikuwa nasikia. Yule mwanamke akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Hakukasirika. Akanitazama hivi, kichwa upande.

"Waridi," akasema. "Bado una sauti ile ile."

Nikamkazia macho. Toa ule mwili, toa miwani, toa miaka. Yarabi! Kaluki!

Kaluki alikuwa mfanyakazi wetu wa nyumbani, msichana wa Kikamba kutoka Mwingi. Aliletwa nina miaka kumi na mmoja, yeye ana kumi na tisa. Ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenificha nilipovunja birika la Baba. Aliondoka siku ya pili baada ya harusi yangu. Niliambiwa amekwenda kwao kuolewa, nami nikanuna wiki nzima kwa sababu hakuniaga.

Akanishika mkono mbele ya wateja wake wote. "Njoo huku. Usinifukuzie watu."

Jikoni akaniweka juu ya kigoda. Akachukua sufuria kavu, hakutia maji, hakutia mafuta. Akamwaga ndengu mbichi ndani, akazikoroga juu ya moto mpaka zikaanza kulialia na kubadilika rangi. Moshi ukapanda. Ule ule.

"Hivi ndivyo alivyokuwa akifanya susu yangu, nyanya yangu, kule Mwingi," akasema. "Zikaange kwanza kavu, kisha ndiyo uchemshe. Nazi niliongeza Mombasa."

Nikachukua muda kuelewa. "Kwa hivyo Mama alijifunza kwako?"

Kaluki akazima jiko. "Waridi, mamako hakujifunza. Mamako hakuwahi kukaanga hata kitunguu."

"Mwongo!"

"Haya. Nitajie siku moja. Moja tu. Ulimwona kwa macho yako akipika."

Nikafungua mdomo. Nikamtafuta Mama kichwani mwangu. Nikamwona anatoka jikoni. Nikamwona anafunua kawa. Nikamwona anapokea sifa, mkono kifuani, "Alhamdulillahi, ni kujaribu tu." Nikamtafuta akiwa na mwiko. Nikamtafuta anakuna nazi. Nikafunga mdomo.

"Mlango ulifungwa, mimi niko ndani napika, yeye amekaa kwenye kigoda kama hicho anajipepea," Kaluki akasema. "Hakunitesa. Alinipenda, kwa namna yake. Mpaka harusi yako."

"Harusi yangu ina nini?"

"Mamamkwe wako si alikuwa mtu wa Lamu, mtu wa adabu zake? Watu walipokwisha kula, akaja jikoni na lesso mpya kumtuza mpishi. Akauliza, mpishi ni nani? Mimi nina sufuria mkononi, nimeungua kidole, sikuwaza. Nikasema, ni mimi. Akanifunga lesso mabegani, wanawake wakapiga vigelegele. Kugeuka, mamako yuko mlangoni." Akaisogeza sufuria kando. "Alfajiri nilipewa begi langu. Babako alinipeleka stendi ya basi. Njia nzima hakusema neno."

Siku ile ya furaha yangu! Niko chumbani na hina mikononi, watu wananiimbia, na Kaluki anafungasha nguo. Nililia hapo jikoni kwa aibu na hasira, sijui nimkasirikie nani, maana aliyestahili yuko kaburini na mimi nilimpenda.

"Na mimi nimekuita mwizi mbele ya watu," nikasema.

"Umeniita. Mpaka jioni watakuwa wananicheka." Akanipa kitambaa. "Hayo yaache. Umekuja Nairobi kufanya nini?"

Nikamweleza habari za Baba, uvimbe, Ijumaa, na kwamba hali. Alinisikiliza bila kutikisika. Kisha akachukua ile flaski yangu mpya, akaisuuza kwa maji ya moto, akajaza pojo mpaka juu.

"Usimwambie za nani," akasema. "Ale kwanza."

Saa kumi jioni nilikuwa wodini. Nikamwinua Baba, nikampa kijiko cha kwanza. Akatafuna. Akafumba macho. Akafungua kinywa kama ndege. Cha pili, cha tatu, cha nne! Ridhwan alikuwa ameshika simu ampige picha ampelekee daktari. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, cha sita, cha saba, nikiona Ijumaa inakuja na babangu anapona. Cha nane akaweka mkono juu ya wangu.

"Kaluki yu hai?"

Nikakirudisha kijiko ndani ya flaski.

"Baba! Ulijua?"

"Nilimuoa mamako, nisijue?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Shufaa alikuwa na uzuri, na nyumba safi, na ulimi mtamu. Kuchemsha maji hakujua. Watu wakaanza kumsifu kwa pojo, akanyamaza. Nami nikanyamaza. Ukinyamaza siku ya kwanza, ya pili ni rahisi."

Ridhwan, aliyekuwa bado ananyonya siku ya harusi yangu, akauliza, "Kaluki ni nani?"

"Yule binti alitulisha miaka kumi na mmoja," Baba akaendelea, "nami nikamwacha stendi na begi lake kama mzigo uliokosa mwenyewe. Nikarudi nyumbani nikanywa chai." Akausukuma mkono wangu pamoja na flaski. "Ondoa. Siwezi."

"Baba, usipokula hawakupasui!"

"Wasinipasue."

"Utakufa!"

"Waridi, tangu nilazwe nimewapigia watu wote niwaombe radhi. Ndugu zangu, majirani, mpaka yule tuliyeshtakiana naye kwa sababu ya ukuta. Nisiende na deni la mtu. Mmoja nilikuwa sijui nimpate wapi, na koo langu limejifunga hapo hapo. Leo unaniletea chakula chake nikimeze? Mimi ni mtu wa namna gani?"

Akageukia ukutani. Nesi akaja kupima, akaandika, akatikisa kichwa. Ridhwan alinisindikiza mpaka nje, na mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na mzaha.

"Sista, yeye mwenyewe si aje? Mzee amwombe msamaha, ampe, ale, iishe."

Kweli. Jambo dogo tu! Jumatano asubuhi nikapanda tena kwa Kaluki kabla wateja hawajajaa. Sikukaa. Nilisimama mbele ya jiko nikamwambia yote, pamoja na ile chai.

"Nakuomba, dada Kaluki. Sina haki ya kuomba, lakini naomba. Njoo useme umemsamehe. Neno moja tu. Akilisikia atakula."

Kaluki alipunguza moto. Kisha akavua aproni, akamwachia mwenzake mwiko, akapakua pojo kwenye bakuli lenye kifuniko, akafunga kwa kitambaa. Njia nzima mpaka hospitali hakusema neno, nami sikuthubutu.

Alipoingia wodini Baba alimjua pale pale. Alijaribu kujiinua, akashindwa. Ridhwan akampa Kaluki kiti. Hakukaa. Akaliweka bakuli juu ya meza ya kitanda, akalifunua, harufu ikajaa chumba kizima, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka. Sijawahi kumwona babangu akilia, hata kaburini kwa Mama. "Kaluki, nimekukosea. Nilijua haki yako nikaifunika. Niwie radhi, mwanangu. Nisamehe kabla sijaondoka."

Nikamtazama Kaluki, roho mkononi. Neno moja tu.

"La," Kaluki akasema. "Sikusamehe."

Ebo! Nilidhani sikusikia vizuri. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Woi!" Nikamshika Kaluki mkono, nikamnong'oneza, "Dada, kwa ajili ya Mungu!" Akauondoa mkono wangu polepole, kama anayeondoa paka mezani.

"Miaka ishirini na nne nimeyangoja hayo maneno," akamwambia Baba. Sauti yake ilitetemeka, lakini haikushuka. "Leo uniambie hapa, umelala, mimi nikwambie haya, sawa, halafu ufe kesho umepumzika? Na mimi nibaki na nini? Mamake Waridi amekwenda bila kuniambia kitu. Na wewe pia uniponyoke? Siwezi, Mzee. Nimekataa."

Akalisukuma bakuli mpaka mbele ya Baba.

"Utakula," Kaluki akasema. "Ijumaa utapasuliwa. Utapona. Ukiweza kutembea utakuja kwangu, River Road, saa saba mchana, watu wamejaa. Utasimama katikati ya hoteli useme ni nani alikuwa akipika nyumbani kwako Kuze. Mbele ya watu, kama vile wengine walivyosifiwa mbele ya watu. Siku hiyo nitakusamehe, tena kwa moyo wote. Kabla ya hapo hupati."

Nilitaka kumfokea, nilitaka kumkumbatia, sikujua nianze na lipi. Baba alifuta uso kwa kiganja.

"Hoteli yako iko ghorofa ya ngapi?" akauliza.

"Ya tatu. Hakuna lifti."

Akameza mate. Akaliangalia bakuli, akaniangalia mimi.

"Waridi, niinue nikae," akasema. "Na hiki kijiko ni kidogo, niletee kikubwa."